Kiti cha Pili

Ndege yetu iliingia Bukavu ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao, juu ya lori lililopanda kutoka Kamanyola likiwa limebeba pia mihogo na magodoro. Wabebaji wa soko la Nyawera waliyashusha masanduku kwa mabega hadi kwetu, maana nyumba yetu iko chini ya mteremko, karibu na ziwa, na gari halifiki. Mmoja wao akauliza ndani mna nini. Mume wangu akamjibu, "Ndege." Jamaa alicheka mpaka ikabidi wenzake waweke sanduku chini.

Mimi sikucheka. Tangu niliposikia lori linapiga honi kule juu barabarani, nilikuwa nimeshafagia ua mara mbili.

Mume wangu ni fundi wa ndege. Miaka mingi amezitengeneza zile ndogo za watu wengine, zinazopeleka mizigo vijijini ambako hakuna barabara, na leseni ya kurusha ndege nyepesi aliipata Kenya. Hii ilikuwa ya kwetu wenyewe: ndege ya kuunganisha nyumbani, ya watu wawili, yenye maboya mawili chini badala ya magurudumu, ili iondoke ziwani na kurudi ziwani. Mwili wake ni mabomba ya aluminiamu. Mabawa yake ni mbavu nyembamba zilizovikwa kitambaa.

Niliposikia neno kitambaa, nikajua ndege hii inanihusu. Mimi ni mshonaji, mtoto wa Uvira, nimezaliwa katika nyumba ya wauza nguo, na kitambaa hakijawahi kunishinda. Siku ileile tulipofungua sanduku la kwanza, mume wangu akakunjua ile nguo nyeupe mikononi mwangu akasema, "Weye njo utashona mabawa. Na weye njo utakuwa mutu wa kwanza kukaa ku kiti ya pili." Nikamwambia arudie. Akarudia. Tangu saa hiyo nilikuwa kama mwenye homa. Nikisikia ndege inapita naacha cherehani natoka nje, nikitembea sokoni naangalia juu hadi nagongana na watu.

Acheni niwaambie bawa linashonwaje, kwa sababu niliifurahia kazi hiyo kuliko gauni lolote la harusi. Kitambaa kinavutwa juu ya mbavu, kinagandishwa kwa gundi pembeni, halafu kinashonwa kwa sindano ndefu inayozama upande wa juu na kutokea upande wa chini, fundo kwa kila mshono. Kisha linakuja jambo la ajabu: unakipiga pasi. Kikipata joto kinajikaza. Joto likizidi kinaharibika, likipungua kinabaki kimelegea kama shuka la hospitali. Pasi ya makaa haifai kabisa, haina kipimo, kwa hiyo nilikuwa mtumwa wa umeme. Umeme ukirudi mchana, naacha maharage jikoni nakimbilia bawa. Tumekula maharage mengi yaliyoungua mwaka ule. Lakini siku bawa la kwanza lilipokaza, nikaligonga kwa kidole likalia kama ngoma, nilipiga kelele za shangwe hadi jirani akaja mbio akidhani nimejichoma.

Jirani huyo ndiye aliyepeleka habari mtaani, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo.

Kwetu mtu akijenga, watu hawaji mikono mitupu. Ukijenga nyumba, huyu ataleta bati, yule kofuli, mwingine atakuja kukupakia chokaa ukuta mmoja. Wanaita kutia mkono. Kukataa ni kumwambia mtu kuwa humhitaji, na maneno hayo hayasahauliki. Sasa sisi tulikuwa tunajenga, tena uani, mbele ya macho ya watu wote. Wakatia mkono.

Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kidaraja cha chuma cha kupandia, na kwa kuwa chuma kilibaki, akaongeza bampa mbele ya maboya. Bampa, kwenye ndege! Vijana wa pikipiki wa Nyawera walileta honi na betri yake. Kina mama wa kwaya walishona mapazia yenye bitana na mito miwili ya kukalia iliyojaa pamba. Fundi rangi wa nyumba ya pili alikuja na rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu, akaipaka maboya na mkia mara moja, akatazama, akasema haijakoza, akarudia. Akarudia tena.

Naye mama mkwe wangu alikuja kwa boti kutoka Kalehe na kiti. Alikuwa ameagiza kwa seremala kiti cha mbao ngumu, chenye egemeo na mikono, kizito hata watu wawili walikishusha botini kwa kuhema. "Mutoto wangu hawezi kwenda juu kule akikalia kitambaa," alisema. Kile cha turubai kilichokuja na ndege kikakunjwa, cha mama mkwe kikafungwa mahali pa rubani. Alikipangusa kwa khanga yake.

Mume wangu, ambaye kazini anajua uzito wa kila skrubu, alikuwa akizunguka ndege na kuguna. Nikamwuliza kwa nini hasemi. Akaniambia, "Basi sema weye." Mimi pia sikusema. Tulikuwa tunasema merci, merci sana, na ndege inazidi kunona.

Mkaguzi wa ndege alifika kutoka Kinshasa siku ya Jumatatu, mtu mrefu, mpole, mwenye tochi ndogo. Alipita kwenye mishono yangu yote kwa kidole, nami nikipumua nyuma yake. Halafu akaomba mizani. Tuliazima za mnunuzi wa kahawa, zile za kupimia magunia, tukaweka ndege juu yake. Mkaguzi akasoma, akaandika, akasoma tena.

"Madame," akaniambia, "hii couture yako iko muzuri sana. Lakini hii avion iko nzito. Na hii poids, hii uzito, ni mutu moya tu. Kiti ya pili tutafunga."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya ziwa. Alieleza kwamba anarudi kwao Jumamosi, na kwamba asubuhi hiyo atapita kwa mara ya mwisho kutia sahihi. Ndege ikipungua, ataandika watu wawili. Isipopungua, ataandika mmoja, na itabaki mmoja.

Mume wangu akanishika bega na kuanza kunifariji. Sikutaka kufarijiwa, nilitaka spana. Mimi nina hasira za karibu, watu wa kwetu wananijua, na wiki ile zilinisaidia. Nilifungua bampa mwenyewe nikambebea fundi hadi kwenye karakana yake.

"Sasa mukigongwa?" akaniuliza, amevimba.

"Na nani, tonton? Iko ndege gani ingine pale?"

Akafikiri. Kisha akaanza kucheka, akaja mwenyewe kukata kile kidaraja. Vijana wa pikipiki walikuwa wagumu zaidi, hawakuelewa mtu atapitaje angani bila honi, lakini nilipoirudisha waligombania nani aifunge kwenye pikipiki yake kwa kuwa sasa ilikuwa honi ya ndege. Kina mama wa kwaya walichukua mito na mapazia bila kunitazama usoni. Fundi rangi ndiye aliyenuna kweli. Siku nzima hakutusalimia. Kesho yake alikuja na msasa na kaka yake, wakakwangua kijani chote, huku akisema kila saa kwamba tunaharibu kitu kizuri.

Ijumaa asubuhi tukapima sisi wenyewe. Bado. Kilichozidi ni kama ndoo ya maji iliyojaa, si zaidi. Hakukuwa na kitu kingine cha kutoa isipokuwa kile kiti cha mbao. Mume wangu akakitazama, akanitazama mimi, akasema polepole, "Ile ya maman tuiache. Siku ingine utapanda." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Siku nyingine ipi, na karatasi imeandikwa mtu mmoja?

Nilikwenda jikoni. Mama mkwe, ambaye hakuwa amerudi Kalehe, alikuwa amekaa kwenye kigoda akisafisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, vidole vyake vikienda haraka. Ni mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, asiyependa maneno mengi. Tangu nilipoolewa tulikuwa tunaheshimiana vizuri na kuongea kidogo. Nilipiga magoti karibu na beseni.

"Maman, munisamehe. Nakuja na neno ya kile kiti yenu."

"Sema."

"Iko nzito. Tukiiacha, mutu moya tu njo atapanda."

"Na ule mutu moya si mutoto wangu?" Vidole havikusimama. "Basi shida iko wapi?"

Ningeweza kumtaja mkaguzi, au sheria, au Kinshasa. Lakini nilikuwa nimechoka kuzunguka. "Shida ni miye, maman. Miye nataka kupanda. Nataka sana, hata silale."

Hapo akaacha samaki. Mimi nikatazama beseni, nikisubiri aniulize mke wa namna gani anataka kuruka.

"Weye mwenyewe unataka? Hakuna mwenye anakulazimisha?"

"Hakuna, maman."

"Nilifanyisha kile kiti juu ya vile nilizani anaenda peke yake," akasema. "Mutu akiwa peke yake, anaomba kitu ya nguvu ya kushika. Sikulala na miye, tangu mulifungua yale masanduku." Akafuta mikono kwenye khanga. "Kama mutakuwa bawili, mukitoe. Mungeniambia mbele, tangu siku ya kwanza."

Nikalia palepale juu ya samaki. Yeye akaniambia niache kuongeza chumvi, akatoka kwenda kumwita mwanawe alete spana na kile kiti cha turubai.

Jumamosi ufuo wetu ulijaa watu kama siku ya ubatizo. Ndege ilielea majini, nyeupe, nyepesi, ikitikisika kwa kila kiwimbi, na nilitaka kuikumbatia. Mkaguzi akataka na wasafiri wapimwe. Nikapanda mizani za kahawa mbele ya mtaa mzima, na yule fundi rangi akatangaza kilo zangu kwa sauti kubwa kama mnadani. Walicheka, nikacheka. Mkaguzi akafanya hesabu yake, halafu akainua macho na kusema, "Bawili." Kina mama wa kwaya ndio waliopiga vigelegele vya kwanza.

Mume wangu alitangulia peke yake, ndivyo inavyotakiwa. Alipozunguka na kurudi salama sauti ilikuwa imenikauka kwa kushangilia. Kisha nikapanda, nikafungwa mkanda, injini ikanguruma, na maji yakaanza kuyapiga maboya chini yetu, pa, pa, pa, haraka zaidi, haraka zaidi, hadi nikadhani mbavu zangu zitaachana. Ghafla kupigwa kukakoma. Hakuna kitu kilichotugusa tena. Nilipiga ukelele ambao mume wangu anauiga hadi leo wageni wakija.

Bukavu yote ilikuwa chini: zile rasi zinazoingia ziwani, mabati yamepandana juu ya mabati, na ua wetu mdogo kiasi kwamba nilishangaa tuliwezaje kujenga ndege mle. Lakini kusema kweli nilichotazama zaidi ni mishono yangu. Upepo ulikuwa unasukuma bawa kwa nguvu zake zote na mafundo yangu yalikaa, moja baada ya jingine, wala hakuna hata moja lililotetereka. Sijawahi kujivunia kitu hivyo. Mpaka sasa, kila mvua ikipita, naipitia mishono ile kwa kidole na mwili unanisisimka.

Tuliposhuka na kukaribia ufuo, watu walikuwa wanaruka na kuimba. Mama mkwe wangu hakuwa akiimba. Alikuwa ameingia ziwani hadi magotini, viatu mkononi, nguo imelowa, akitusubiri. Nikadhani amekuja kumgusa mwanawe aone kama mzima. Alishika ukingo wa ndege, akampita mwanawe bila kumtazama, akanijia mimi.

"Shuka," akaniambia. "Na miye nipande."

Mume wangu akamgeukia mkaguzi. Kule ufuoni mkaguzi aliutazama ule mwili mkavu, akazitazama mizani, akapungia mkono kwamba hakuna haja ya kumpima.

Nilikuwa nimekipigania kiti kile cha pili wiki nzima, na nilikuwa nimekikalia kwa mzunguko mmoja tu. Nilifungua mkanda, nikarukia majini, nikamshikia viatu.