Sikio la Fundi

Fundi wa kompyuta wa sokoni kwetu mjini Solo ana mikono ya marehemu baba yake, aliyetengeneza patu za shaba za kupigwa harusini, kabla harusi hazijahamia kwenye spika. Hupuliza vumbi, hufuta kwa kitambaa, hupiga mluzi. Ila baba alilaza sikio kwenye shaba kabla ya kuigonga. Huyu hufuta hata vilivyohifadhiwa ndani ya kompyuta, bila kuombwa, na kusema ni zawadi.

Jana mteja wake Bu Wartini, yaani Mama Wartini, alikuja kuchukua kompyuta yake, akaiwasha palepale. “Nyimbo za mume wangu ziko wapi?”

“Takataka zote nimekutolea, Bu, tena bure! Sasa inakimbia kama msichana.”

“Alikuwa akiimba humo, mwanangu. Sauti yake sina kwingine.”

Mluzi ukakatika. Fundi akainama, akalaza sikio juu ya mashine. Ilisikika feni tu.