Nukta Tatu za Kijani

Kwa miaka mingi nimekuwa mtunza silaha wa askari wanaolinda mgodi mmoja nje ya Kolwezi. Bastola zetu ni kuukuu. Juu ya kila moja kuna nukta tatu za kulengea: vichupa vya kioo vidogo kuliko punje ya mtama, vyenye gesi inayong'aa kijani gizani bila betri. Gesi hiyo huchoka polepole, na hakuna anayetambua siku inapozimika.

Aliyekuja kuniambia ni askari mzee kuliko wote. Mimi humwita tata, yaani baba, naye huniita mama ingawa ningeweza kuwa binti yake.

"Mama, hii bastola yangu imezimika. Batu banasema njo macho yangu imezeeka."

"Tuangalie, tata."

Nilitoa risasi zote, nikahakikisha bastola ni tupu, kisha tukajifungia ndani ya kontena la silaha. Ilikuwa adhuhuri. Nje jua lilichoma vumbi jekundu na malori yalinguruma. Ndani giza lilikuwa zito, na kila sauti ilitufikia kana kwamba tuko chini ya maji. Tulisubiri macho yazoee. Mwili wangu ukawa mwepesi, sikujua tena mkono wangu unaishia wapi.

"Unaona nini, mama?"

"Sioni kitu."

Nilimsikia akicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Bahati nzuri garanti ya nukta hizo, tulizozinunua miaka mingi baada ya bastola, ilikuwa bado hai. Wakala aliyetuuzia, kule Lubumbashi, alikubali kutupa mpya bila malipo, mradi tumrudishie zilizokufa. Zilipofika, nilibana sehemu ya juu ya bastola kwenye jiliwa, nikasukuma zile za zamani taratibu mpaka zikatoka, nikaingiza mpya. Kisha nikamwita tata, tukarudi gizani.

Nukta tatu zikaelea mbele yangu, tulivu, bila kushikwa na chochote. Ningeweza kubaki pale nikizitazama mpaka jioni, nikiwa nimesahau mgodi na joto na kazi iliyonisubiri.

"Tata, unaziona? Ziko tatu!"

Nikamsogezea bastola karibu.

"Minaona moja tu," akasema hatimaye. "Iko kama bukungu."

Pumzi yake ilikuwa nzito kando yangu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe tulizeeka bote, mi na bastola."

Nilipofungua mlango, mwanga ulitupiga usoni, naye akafumba macho. Bastola aliirudisha kwenye rafu kwa mkono wake mwenyewe. "Usinipe tena, mama," akasema. Tulikwenda pamoja kwa mkuu wetu. Njiani niliogopa kwamba atafukuzwa, lakini mkuu alimhamishia langoni, zamu ya mchana, akamwambia aende hospitali. Huko wakamkuta na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakampasua jicho moja, na baadaye la pili.

Aliporudi kazini, alipita kwangu kunisalimia. Alisimama mlangoni akinitazama usoni kwa muda mrefu, mpaka nikaona haya.

"Kuna nini, tata?"

"Mama," akasema kwa mshangao wa kweli, "kumbe uko na mvi!"

Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa chini.