Mtihani wa ushauri wa uhamiaji, mteja wangu akawa mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa kuamkiwa shikamoo na wa kupewa mambo vipi.

Ninayoandika hapa yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Singida Mjini. Chumvi sijaongeza. Majina nimebadilisha, na mhusika mkuu amenipa ruhusa kwa mdomo wake. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini nimeanza na hilo la ruhusa.

Nafanya kazi kwenye kiofisi cha kushauri watu mambo ya uhamiaji. Huyu anataka pasipoti, yule ameoa mgeni na anatafuta kibali cha mkewe kuishi nchini, mwingine ndugu yake amekwama mpakani. Tunawaeleza taratibu, tunawasaidia fomu na viambatanisho, tunawaonyesha pa kwenda.

Wakati huo nilikuwa level one. Kwa lugha nyepesi, mtu wa photokopi na kubandika picha. Kukaa na mteja na kumshauri, bado.

Tatizo halikuwa akili wakuu. Tatizo lilikuwa mdomo.

Naongea mno, sifichi. Mteja alikuwa hajafika barabarani, mimi nimeshamsimulia muuza chipsi wa nje safari yake yote, na sababu ya safari, na aliyemkimbia huko anakokwenda.

Bosi wangu ni mama mpole, ila akisema amesema. Siku moja akaniita.

"Yohana, nakupeleka training ya level two. Ukifaulu, unakaa meza ya mbele. Ukifeli, utazeeka na hiyo mashine ya photokopi."

Ile mashine nilikuwa nayo mwaka wa nne. Inakwama karatasi, inanichafua wino, na wateja wananiita "wewe wa photokopi". Niliondoka pale nimeapa kwamba nafaulu au nakufa.

Training ilikuwa wiki moja, kwenye ukumbi wa kukodi, upepo wetu ule unagonga mabati mpaka mwalimu anapandisha sauti. Mwalimu mwenyewe alikuwa Madam Felista kutoka Dodoma. Haongei sana. Anakuangalia tu, unaanza kukumbuka makosa yako ya darasa la tano.

Alitufundisha mengi, ila kuna machache aliyapigia nyundo kila siku. Soma jina la mteja kwa sauti ili alithibitishe. Usimwahidi usichokiweza. Mteja akiwa ndugu yako, sema hapo hapo, jitoe, mkabidhi kwa mshauri mwingine.

Na kubwa kuliko yote: unachokisikia chumbani kwa mteja hakitoki. Hata kwa mkeo.

Hilo la mwisho alilisema ananitazama mimi. Mpaka leo sijui nani alimdokeza.

Mtihani ulikuwa wa kuigiza. Walitafuta watu wa kawaida mtaani waje kama wateja, kila mmoja anapewa karatasi yenye kisa chake, wewe unamhoji na Madam amekaa kona anaandika. Mwenzangu Jumanne, wa ofisi ya jirani na yetu, aliingia kwanza akatoka anacheka. Akaniambia, "Rahisi kaka, kama kunywa uji."

Nikaingia. Nikakaa. Nikaweka kalamu vizuri.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe wangu.

Wakuu, naomba mnielewe. Mimi Mnyaturu, mke wangu Mnyiramba wa Kinampanda, na upande wa mkwe tulilelewa na masharti. Mama mkwe humtazami usoni. Huketi naye uso kwa uso. Huli mbele yake. Jina lake hulitaji, na hata hapa silitaji. Tangu nioe nilikuwa sijazungumza naye zaidi ya dakika mbili, na zote zilikuwa salamu.

Kumbe alikuja mjini kumtembelea mdogo wake. Huyo mdogo wake ndiye aliyeombwa kuja kuigiza, asubuhi akaamka na homa, akamtuma dada yake.

Nilisimama kama niliyeng'atwa na siafu. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kaa, fanya kazi yako. Wameniambia leo mimi siyo mimi."

Nikageuza kiti, nikaangalia ukutani. Madam akaandika kitu.

Swali la kwanza la fomu: jina kamili la mteja. Mama akalitaja. Nikaliandika, kisha ikabidi nilisome kwa sauti. Nikalisomea meza.

"Sauti, mshauri," Madam akasema kutoka kona.

Nikalitamka. Mvua ya mawe tuliyotishwa nayo utotoni haikunyesha, lakini nilitazama dirishani kuhakikisha.

Swali la pili: hali ya ndoa. Yaani nimuulize mama mkwe wangu kama ameolewa. Nikauuliza ukuta. Akajibu kwa utulivu kwamba ameolewa, mume mmoja, mkulima wa alizeti, mkali.

Watoto?

"Wanne. Wa kwanza yuko mbali. Wawili wako nyumbani. Wa mwisho ameolewa hapa mjini, na kijana mmoja anaongea sana."

Nikaandika hivyo hivyo wakuu. Neno kwa neno. Anaongea sana.

Nikamuuliza safari yake ni ya wapi. Akainua ile karatasi ya kisa, akaiweka mezani.

"Hii karatasi siioni, miwani nimesahau kwa mdogo wangu. Nitasema yangu tu. Nataka kwenda Ndola, Zambia, kumwona mwanangu Elia."

Kalamu ikanidondoka.

Elia ni shemeji yangu ambaye jina lake kwenye ile nyumba halitajwi. Aligombana na baba mkwe miaka mingi iliyopita, akaondoka, na mzee akasema mtu yeyote asimfuate. Mke wangu hulia akimkumbuka, ila hulia kimya kimya.

"Nasikia ana mtoto," mama akaendelea. "Mimi nazeeka. Nataka nimshike huyo mtoto nikiwa na nguvu za kumbeba. Nifanyeje nipate pasipoti?"

Kilichofuata kwenye fomu: nani mwingine anafahamu safari hii?

"Hakuna. Na huyo binti yangu wa mjini asijue. Ataniambia miguu inauma, ataniambia baba atakasirika. Nitashindwa kwenda."

Huyo binti wa mjini ndiye aliyenipikia chai asubuhi ile.

Nilisimama, nikasema "naomba radhi," nikatoka nje. Nikasimama pale bodaboda wanapoegesha. Photokopi niliiona kabisa, inaniita kwa jina.

Madam akanifuata. "Kwa nini umetoka?"

"Madam, yule ni mama mkwe wangu."

"Ulijua saa ngapi?"

"Alipoingia mlangoni."

"Na umemhoji dakika kumi." Akanitazama kwa lile jicho lake. "Kujitoa ni sahihi, ila umechelewa. Sasa niambie, mteja umemwacha na nani?"

Nilikuwa nimemwacha mtu mzima peke yake chumbani, ametoa la moyoni kwa mara ya kwanza, na aliyemsikiliza amekimbia. Niliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya mkwe.

Nikarudi. Nikasimama mlangoni, macho chini kama mila inavyotaka, nikasema, "Mama, mimi ni mkweo, kwa hiyo sitakiwi kukushauri. Nitakukabidhi kwa mwenzangu Jumanne, anajua kazi. Na niliyoyasikia hapa nimeyaacha hapa."

Mama akakunja ile karatasi ya kisa. Kisha akasema, "Tutaona."

Madam alinikata alama za kuchelewa na za kukimbia, akanipa mteja mwingine nirudie. Nikafaulu kwa kujikongoja. Siku ile ile bosi akanipa meza ya mbele.

Mnadhani mtihani uliishia hapo? Ndiyo kwanza ulianza.

Niliporudi nyumbani mke wangu akaniuliza, "Eti mama yuko mjini? Kafuata nini?" Nikasema chai ina sukari nyingi. Wiki zikapita, mama bado yuko kwa mdogo wake, nyumbani amesema anamuuguza. Jumanne anamsaidia mama kukusanya vielelezo vya pasipoti ofisini kwake, mimi nawaona kupitia dirishani na naangalia pembeni. Muuza chipsi akaniuliza kama naumwa, maana sina story.

Kuna usiku mke wangu alilia tena kwa ajili ya kaka yake. Nilikuwa na neno moja tu la kumfuta machozi. Sikulisema. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Halafu Jumapili moja simu ya mke wangu ikaita, video. Mama mkwe huyo, Ndola, kambeba mjukuu mgongoni, Elia nyuma yake anacheka huku machozi yanamtoka.

Mke wangu alipiga kelele za furaha, majirani wakaja. Walipoondoka akanigeukia. "Ulikuwa unajua?"

Nikanyamaza. Siku mbili hakunisemesha.

Baba mkwe kule Kinampanda alipoambiwa aliuliza mtoto anaitwa nani. Wakamwambia amepewa jina lake. Akasema, "Basi waje wakati wa mavuno."

Jioni yake mama mkwe akanipigia mimi, mara ya kwanza tangu nioe. Akaomba kwanza simu apewe mke wangu, akamwambia aache kununa, kisha akataka simu irudi kwa mkwe wake.

"Baba, ile fomu yako bado ipo?"

"Ipo kabatini kwa mwalimu, mama."

"Kwenye watoto, pale kwa wa mwisho, futa ulichoandika. Andika ameolewa na mwanaume anayejua kunyamaza."

Wakuu, nilienda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto.

Nilichojifunza: cheti hutolewa ukumbini, lakini kazi yenyewe unaisomea nyumbani, mezani, mkeo akikuuliza swali moja ukiwa na kikombe mkononi. Na ukimkabidhi mteja kwa mwenzako, usimwache peke yake.

Sasa na wewe uliyewahi kubeba siri ya mkwe ndani ya nyumba yako, tuandikie hapo chini ulivukaje. Ila kaombe ruhusa kwanza.