Vidonge Kwenye Mkebe wa Mbegu

Mamangu huniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. Basi siku tuliyokuwa tunapanda kule kwake Gatuanyaga, nilipofungua mkebe wa mbegu nikakuta vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari vimezikwa kwenye jivu pamoja na maharagwe, nilijiona nina haki zote za mzazi. Vilikuwa vingi, vingetosha kupanda ekari nzima.

"Maitu," nikamwita mama kwa Kikuyu, "na hizi tunapanda na mbolea gani?"

"Wachana na mimi. Nikijisikia mzima, nameza dawa ya nini?"

Nilifoka hadi mbuzi wa jirani wakaacha kula. Macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu, na daktari alishatuonya kwamba sukari ikibaki juu hivyo, yatazimika kabisa. Na huyu ni mama ambaye hajawahi kuanza siku bila kusoma Biblia yake. Lakini kufoka kulifaa nini? Alibadilisha mkebe tu.

Nikampeleka kliniki ya Thika, iliyokuwa na mshauri, mwanamke wa makamo, mpole. Aliniomba ninyamaze, nami sijawahi kunyamaza tangu nizaliwe. Kisha akamuuliza mama, "Ukikitazama kidonge, unaona nini?"

Mama alikunja leso yake, akaikunjua.

"Namwona mzee wangu, babake huyu. Alianza na hivi hivi. Vikashindwa, akadungwa sindano, na mwaka haukuisha. Sasa nikivimaliza, si ni mimi nitafuata?"

Kumbe hakuwa mkaidi. Alikuwa anaweka akiba, vile mkulima hali mbegu hata akilala njaa.

Mshauri hakumcheka. Alimweleza polepole kwamba dawa haiishi nguvu kwa kumezwa, na kwamba sindano haikumuua mzee. Ilimkuta sukari imeshamla. Kisha akauliza ni nani angempigia simu kila siku bila kugombana naye. Wote wawili wakanitazama kwa mashaka makubwa.

Lakini deni hilo nilikuwa nalo. Nilipokuwa nasoma shule ya jioni hapa Ruiru, jibaba zima lenye ndevu za kufagia uwanja, mama ndiye alinipigia kila jioni: "Baba, umeingia darasani?" Bila simu hizo hadi leo ningekuwa nimekwama kwenye sehemu na desimali.

Sasa kila asubuhi mimi ndiye napiga.

"Mwanafunzi amefika?"

"Amefika, mwalimu." Halafu nasikia maji yakishuka kooni.

Leo jibu lilikuwa jingine.

"Baba, ya jana jioni sikumeza. Nilimkumbuka mzee, nikashindwa."

Hotuba ya saa mbili nzima ilinijaa mdomoni. Niliiacha hapo hapo. Zamani angeficha, leo ameniambia mwenyewe.

"Pole, Maitu. Na ya asubuhi?"

"Ngoja ninywe uji kwanza. Usikate simu."

Sikukata. Alikunywa uji ule kama anayehesabu punje zake, nami nikachelewa kazini.