Udhu wa Vumbi

Jengo jipya la abiria pale uwanja wa ndege lina vioo mpaka darini, lakini bomba la kutawadhia halikutoa hata tone. Sakafu iling'aa, hata vumbi la kutayamamu, kutawadha kwa udongo maji yakikosekana, sikuliona. Adhuhuri ilikuwa ikipita.

Utotoni, kwenye kizuizi cha barabarani Nalufenya, baba alikuwa akitawadha. Askari akalipiga birika teke, kisha akamtwanga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Jino likaangukia miguuni pangu.

"Wee mzee, iko wapi maji yako sasa?"

"Afande, udongo bado upo."

Baba akapiga viganja vumbini, akapangusa uso unaochuruzika damu. Akapigwa tena. Akaswali.

Pale uwanja wa ndege, nikapiga viganja kwenye mfuko wangu wa safari, uliotoka nyumbani Namakwekwe kwa boda boda, barabara ya udongo. Vumbi jekundu likapaa. Alhamdulillahi.