Wapangaji wa Pipa la Bluu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa Mpanda wakiamka wanafikiria waende wapi. Mimi nafikiria kiti nikiweke upande gani wa nyumba. Kwa hiyo mke wangu aliposema mgongo umechoka kwa madumu ya bombani, nilifurahi: kumbe kuna kazi ya kiume inayofanyika bila kuvuka geti! Nikaahidi mbele ya bibi yake, aliyekuja kututembelea kutoka Inyonga, kwamba mvua ya kwanza ikinyesha, foleni ya bomba basi tena.

Bibi huyo ananiita mume wangu, kwa utani wa bibi na mume wa mjukuu, na huruma hana.

"Mume wangu, maji yatakufuata hapo kwenye kiti?"

"Ndiyo mpango wenyewe, bibi."

Nikaagiza pipa la bluu lililotumika, bodaboda akalishusha mlangoni. Lilikuwa la asali. Juu limezibwa lote, limebaki tundu la kizibo tu, nikaona bahati hiyo, mbu hawataingia. Muuzaji alinielekeza kwa simu: maji ya moto, majivu, sukasuka mpaka harufu iishe. Nikamimina jagi moja, nikalitikisa kidogo, nikalisimamisha chini ya gata la paa likiwa wazi lipigwe upepo. Yaliyobaki mvua itamalizia. Hata mpira wa kuleta maji kutoka kwenye gata ningeuchomeka siku nikiona wingu. Sina tabia ya kuiwahi kazi.

Siku nne sijaona kitu. Kisha mchana mmoja, nikiwa kitini, nikaona wingu. Nikanyanyuka kuchukua mpira. Wingu likashuka lenyewe, likinguruma, likaanza kuingia kwenye tundu.

Sikumbuki nilivyofika ndani. Bibi alikuwa dirishani, anapiga vigelegele.

"Mjukuu wangu, njoo umwone mume wetu! Wanaume wa kwetu wanalala porini, wanapanda miti, wanapaka mizinga nta ndiyo nyuki waje. Huyu kawatega amekaa!"

"Bibi, mimi nilikuwa natega maji."

"Kwa harufu ya asali?"

Mke wangu hakucheka. "Na mvua ikija?"

Ikaja kesho yake. Maji yakamwagika kutoka kwenye gata, yakachimba shimo pembeni ya pipa, nami nipo dirishani na mpira mkononi kama zimamoto aliyesimamishwa kazi. Mke wangu akakimbiza mabeseni upande wa pili wa nyumba.

"Nikitoka na moshi, nikawafukuza?" nikauliza, nikiomba Mungu nikataliwe.

"Thubutu!" Bibi akanijibu. "Wamekuja wenyewe. Ukiwagusa nakupa talaka, nyumba nzima inasikia."

Maji ya mabeseni yaliishia kwenye kufua. Asubuhi nikamwona mke wangu anafunga kanga, anachukua dumu. Alisimama tu mlangoni, akaukandamiza mgongo kwa kiganja, kama anaubembeleza ukubali.

Nikamnyang'anya dumu.

"Unaenda wapi?"

"Bombani."

Bibi akakaa kwenye kiti changu kabla sijafika getini.

Kule bombani wanawake wakageuka wote kunitazama. Jirani yetu akanisogelea, akashusha sauti:

"Shemeji, pole. Kwenu kuna msiba?"

"Hapana," nikasema, nikitega dumu langu mwisho wa foleni. "Tumepata wageni tu."