Bangili Sita za Mama Vifungo

Cheng. Cheng. Utotoni, hivyo ndivyo Mama Vifungo alivyojua kwamba kumekucha: mama yake yuko uani anafua, na bangili sita za dhahabu zinagongana mkononi. Mama yule hakuwa na shamba wala nyumba. Siku zake zilipokaribia kwisha alizivua bangili zile moja moja kwa povu la sabuni, akamvisha bintiye mbele ya shangazi wawili. Basi. Kwao dhahabu ya mama haikuandikwa popote. Ilivishwa.

Jina la Mama Vifungo alilipata kwa kushona sare za shule miaka ishirini na saba. Kifungo alichokishona yeye hakikung’oka, shati lingechanika kwanza. Mumewe aliuza rangi za nyumba. Duka lilipoanza kupumulia mashine, kodi ya miaka mitatu ikalala bila kulipwa, na asubuhi moja maofisa wa kodi wakaja kukamata vitu. Mama Vifungo hakubishana. Pikipiki wachukue, alisema, na kabati nalo, mlango wake mbovu watajuana nao. Ila bangili ni zake, si za duka. Wakazichukua hata hivyo, wakampa karatasi yenye tarehe ya kusikilizwa. Mali ya mke haikamatwi kwa kodi ya mume, walimweleza, mradi athibitishe kuwa ni yake.

Wiki mbili alihangaika. Akapata picha ya harusi ya dada yake, mama yao kakaa pembeni, mkono umejaa bangili. Akampata sonara mzee aliyewahi kuiunga bangili moja iliyopasuka, na ambaye bado aliukumbuka ule muungo kama tabibu anavyokumbuka kovu alilolishona mwenyewe. Kote huko mumewe alimsindikiza, kimya, kambebea mkoba. Mama Vifungo alidhani ni haya ya mtu aliyefilisika.

Chumba cha shauri kilikuwa na feni moja na mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Ofisa alikuwa kijana mpole mwenye mafua. Akauliza kama kuna risiti yoyote.

“Mwanangu,” Mama Vifungo akamwambia, “wewe uliponyonya ulipewa risiti?”

Ofisa akacheka ndani ya leso. Akaitazama picha, akamsikiliza sonara, akaandika mengi. Akasema kwa ushahidi huu haoni kizuizi, amalizie faili la mume tu. Akalifungua, akapekua hadi karatasi moja. Kisha akaligeuza ili wote waone.

Ilikuwa fomu ya mwaka juzi, mumewe alipoomba kulipa kodi kidogo kidogo. Palipotakiwa mali za mwombaji ameandika, kwa mwandiko wake ule wa kulala: bangili sita za dhahabu, mali yangu. Chini yake kiapo, na saini.

“Mzee, huu mwandiko wako?”

“Wangu.”

Mume akaitazama feni. Akaeleza kwamba siku ile walimtaka aonyeshe ana nini, naye hakuwa na kitu ila makopo ya rangi iliyoganda. Aliona aibu kuiacha nafasi tupu. “Ni za mke wangu,” akasema. “Nilidanganya siku ile. Leo sidanganyi.”

Ofisa akafuta pua. Taratibu, kama anayefunga kidonda, akawaambia kwamba alichokiapa mtu kabla ya kukamatwa kina nguvu kuliko anachokisema baada yake. Bangili zitauzwa. Sonara akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga.

Wao wawili walibaki kwenye benchi la ukumbini. Watu walipita na karatasi zao. Mume alikuwa kaupakata ule mkoba kama mtoto mgonjwa. Akamwomba mkewe amtukane, ampige hata, mradi asinyamaze hivyo.

Mama Vifungo aliposema, sauti ilikuwa ndogo mno, hata ikabidi mumewe ainame.

“Ungeniomba,” alisema, “ningekupa.”